Anwani Isiyofichwa

Mistari yote iliishia kwa sifuri, isipokuwa mmoja.

Wided aliusoma mara tatu. Ilikuwa adhuhuri ya Juni katika maabara ya kompyuta ya chuo, Sfax, na feni zilikuwa zikihamisha joto tu. Alikuwa ameomba orodha ya moduli, vile vipande vya programu vinavyopachikwa ndani ya kiini cha mfumo, nacho kiini kikamjibu kama kinavyomjibu yeyote: jina, ukubwa, idadi ya wanaoishikilia, yaani wanaoitumia wakati huo, kisha anwani yake kwenye kumbukumbu. Anwani ni siri ya msimamizi. Mwanafunzi huonyeshwa sifuri tupu. Moduli hii haikuwa na jina, na anwani yake ilikuwa peupe. Wanaoishikilia: mmoja.

Akaichapisha orodha hiyo, akampelekea Si Lassaad, yaani Bwana Lassaad, mhadhiri anayesimamia seva. Hapo ndipo alipojiponza. Si Lassaad hakuuliza moduli ni ya nani; aliuliza yeye anwani kaionaje. Aionaye anwani ana ufunguo wa msimamizi, na mwanafunzi mwenye ufunguo huo kauiba. Kamati ya nidhamu ingekaa saa tisa, imfukuze, miaka mitano ya masomo ipotee. Mwaka jana wavulana wawili waliingilia seva hiyohiyo, wakaitwa vipaji.

"Basi njoo uone, Ustadhi," Wided alimwambia. "Kwa akaunti yangu, macho yako yakiwa hapohapo."

Akaja, akitabasamu. Akauona mstari. Akaingiza ufunguo wake kuiondoa moduli, mfumo ukakataa: bado inashikiliwa. Na nani, haukusema.

"Umetega vizuri, binti."

Wided akainua mikono yote miwili kutoka kwenye kibodi, na ndipo ikaja harufu ya sufi iliyolowa, ndani ya chumba ambacho hakikuwa na tone la maji, na ndani ya seva iliyosimama pembeni kukasikika kucha zikikwaruza bati, taratibu kwanza, kisha kwa pupa, zikishuka kwenye waya, zikipita chini ya meza, zikikaribia miguu yake, huku idadi kwenye kioo ikiruka, mmoja, wawili, mmoja, wawili, kama kitu kinachonyoosha mkono na kuurudisha.

Aliyezisikia kutoka nje ni Khalti Mbarka, Mama Mdogo wa wote pale, mfagiaji. Alikuja na chetezo cha harmali, mbegu za kufukizia majini, hakuomba ruhusa ya mtu. Akasoma Ayatul Kursiy, akaizungushia seva moshi, kisha akamnong'oneza Wided, "Kwako imebisha hodi tu, mwanangu, haijaingia. Iambie hukuikaribisha."

Wided akaiambia. Akarudia hadi mara tatu.

Kucha zikanyamaza. Idadi ikawa sifuri, na mstari ukafutika.

Si Lassaad, aliyeyaona yote hayo, alimwongoza Wided hadi ofisini kwake akaandika barua ya kufuta mashtaka. Alipokuwa akitia sahihi, Wided alitazama kompyuta iliyokuwa nyuma ya mhadhiri. Orodha ileile ilikuwa wazi, na kwa kuwa yeye ni msimamizi, kila anwani ilionekana. Hakuna hata moja ambayo ingemshtua. Katikati ulikaa mstari usio na jina. Wanaoishikilia: mmoja.

Si Lassaad alikuwa akijikuna shingo. Shati lake lilinuka sufi iliyolowa.

Wided akafungua kinywa.

"Umeona nini tena?" akauliza Si Lassaad, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumpata mwizi wake.

Wided akaivuta barua polepole kutoka chini ya kiganja chake, akaikunja.

"Mimi sioni kitu, Ustadhi."