Aproni Nyeupe ya Bi Tjitske

Jioni hiyo, kabla taa za barabarani hazijawaka, Jikke alivuka kwenda kuchukua boksi. Jirani yake, Bi Tjitske Hoekema, alizikwa Jumanne mbele ya watu wanne tu kwa sababu ya karantini, na mwanawe alikuwa ameweka vitu vyake nje. Juu ya boksi kaandika: Chukua bure. Miaka sitini ya mwanamke jikoni, bure! Jikke alilibeba amekunja uso.

Hasira zake hazikuanzia hapo. Tangu mji wao wa Leeuwarden, Uholanzi, ufungwe, mumewe Wiebren alihamishia ofisi katika chumba ambamo Jikke alikuwa akichorea picha zake. Yeye akabakiziwa meza ya jikoni, na mara tatu kwa siku aiondoe kazi yake ili mezani paliwe chakula. Basi akaanza kushona aproni, moja kila siku, na juu yake, kwa uzi mwekundu, maneno aliyoambiwa siku hiyo. "Tunakula saa ngapi?" "Punguza kelele, niko kikaoni." Zilifika ishirini na tisa. Makumbusho ambako angezionyesha yalifungwa, lakini dirisha la jikoni halikuwa na pazia, kama madirisha yote ya mtaa ule. Kesho angezitundika hapo, kila mpita njia asome.

Ya thelathini ingekuwa ya Bi Tjitske, aliyoikuta ndani ya boksi. Akaitandaza mezani. Nyeupe, haina hata ua.

Ila ilinuka wanga wa nguo na pasi ya moto... kama imepigwa sasa hivi.

Akapitisha vidole.

Kulikuwa na maneno. Nyeupe juu ya nyeupe, mshono wa kizamani waliofundishwa wasichana shuleni, usioonekana mpaka uuguse. "Tunakula saa ngapi?" "Nani ataangalia kazi yako?" Mstari juu ya mstari, miaka na miaka. Jikke alitokwa machozi ya hasira. Mama huyu alimpungia mkono kila asubuhi, na hakusema kitu!

Mstari wa chini ulikuwa umelowa, kama uzi uliotoka kulambwa sasa hivi.

"Toa matambara yako mezani," akausoma.

Mlango ukafunguka. "Toa matambara yako mezani," akasema Wiebren. "Nina njaa mimi."

Tk... tk... tk...

Uzi ulikuwa ukijishona chini ya kidole cha Jikke. Sindano haikuwepo.

"Unataka mtaa mzima unicheke," akasoma kwa kunong'ona.

"Unataka mtaa mzima unicheke?" Wiebren alishazikusanya zote ishirini na tisa, akielekea kwenye jiko la kuni. "Leo nazichoma!"

"Ziweke chini, Wiebren."

"Na hiyo nyeupe pia. Lete!"

Tk... tk...

Mstari wa mwisho ulikuja taratibu. Jikke aliusoma mara mbili. Angeweza kumwambia. Muda ulikuwepo...

Akampa aproni.

Kamba zake zikamzunguka vifundo vya mikono, zikakaza. Aproni nyingine zikamponyoka.

"Jikke... nifungue," akanong'ona. "Nifungue, mke wangu... inanishona mdomo..."

Neno kwa neno, kama alivyosoma.

Asubuhi aproni thelathini zilining'inia dirishani. Majirani wenye barakoa walisimama kusoma, mmoja akafuta macho. Nyuma ya aproni hizo, jikoni, Wiebren alikuwa akiosha vyombo, kimya. Jikke alimpitishia kidole midomoni. Nyuzi zilikuwepo, ndogo ndogo, hazionekani.

Mkasi ulikuwa mfukoni mwa Jikke. Wiebren aliutazama, machozi yakimtoka.

"Maliza masufuria kwanza," Jikke akamwambia.

Dirishani, kwenye ile nyeupe, maneno ya Jikke mwenyewe yakaanza kujishona...

Tk... tk...