Sauti ya Bibi Gulioni

Kila Jumapili wakitoka misani, Irakoze na shangazi yake Felisita walianza na bibi kabla ya chakula. Shangazi alibandika ndizi na maharage, akaweka simu yake ya kitochi juu ya kigoda na kubonyeza. Sauti ya kizee ilitoka kwa Kirundi, ikakohoa, ikawataja watu wa nyumbani mmoja mmoja, na mwishoni ikauliza, "Irakoze, umekula?"

"Nimekula, Bibi," Irakoze alijibu kila mara, ingawa ndizi zilikuwa bado mbichi chunguni. Shangazi alicheka kila mara vilevile.

Mwaka 2015, watu walipoikimbia Burundi, Irakoze alikuwa yatima wa miaka mitano. Alivuka mpaka mgongoni kwa shangazi. Bibi alibaki kwa sababu miguu yake haikumudu safari, lakini aliwatumia sauti yake ndani ya memori kadi, kwa mkono wa mchuuzi wa nguo. Haukupita muda akafariki. Miaka ilikwenda, shangazi akaolewa hapa Mabawe, ng'ambo ya mpaka, Irakoze akawa msichana wa darasa la sita. Picha ya bibi hawakuwa nayo hata moja. Sauti ile ndiyo iliyokuwa bibi mzima.

Rafiki wa Irakoze alikuwa Happyness, mwenzake wa dawati. Siku moja Irakoze alitaka kumshangaza shangazi kwa kumwekea nyimbo za kwaya kwenye kadi. Laurian, kaka yake Happyness, alikuwa na kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo pale senta.

"Nipe nikupelekee," Happyness alisema. "Wewe si una zamu ya maji?"

"Lakini humo kuna sauti ya bibi. Isiguswe."

"Jamani, Irakoze! Mimi ni mtu baki? Nitasimama palepale mpaka amalize."

Kadi ilirudi jioni ileile. Nyimbo zilikuwamo, na bibi alikuwamo. Irakoze alimkumbatia rafiki yake kwa furaha.

Siku ya gulio, Irakoze alibeba parachichi za shangazi kichwani. Karibu na kijiwe cha bodaboda alisikia spika ikipiga muziki mzito. Katikati ya mdundo kulikuwa na kikohozi. Alikifahamu. Kikarudiwa tena na tena, kisha ile sauti ikaita, "Irakoze, umekula? Umekula? Umekula-kula-kula?"

Wahangaza, wenyeji wa Mabawe, na Warundi husikilizana lugha, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Watu walishika mbavu kwa kicheko. Beseni lilimponyoka Irakoze, parachichi zikatawanyika. Na kati ya watoto waliokuwa wakicheza, mikono juu, alikuwepo Happyness.

"Ulisema utasimama palepale," Irakoze alimwambia.

"Nilisimama! Kaka alisema ataingiza nyimbo bure nikimwachia anakili ile sauti. Ni utani tu."

"Ulijua ni ya nani."

Happyness aliangalia vidole vya miguu yake.

Angefanya hivyo adui, Irakoze angemtukana yakaisha. Lakini huyu ndiye aliyemtunzia siri zake zote. Shuleni wavulana walimwita "Umekula" kuanzia mstarini hadi kengele ya mwisho. Alihama dawati. Nyumbani alinyamaza, maana angemwambiaje shangazi kwamba mama yake mzazi anachekwa sokoni?

Jumapili bibi aliuliza, na Irakoze hakujibu. Machozi yalimtoka. Shangazi aliizima simu, akasikiliza habari yote bila kumkatiza.

"Kesho tunakwenda kwa mtendaji," alisema.

Mtendaji wa kata alikuwa mama mmoja mpole wa sauti, Bi Eustakia. Alimwita Laurian, naye akaja na dada yake.

"Shikamoo, mama," Laurian alianza. "Mimi sikuiba kitu. Kadi yao wanayo. Tena bibi nimemfanya maarufu."

"Marahaba. Nani alikuruhusu?"

"Huyu Happyness."

"Happyness alipewa kadi aifikishe. Hakupewa sauti aigawe," Bi Eustakia alisema. "Ulichoombwa ni kuingiza nyimbo. Sheria ya makosa ya mtandao haikuruhusu kuingia katika kumbukumbu za mtu na kujichukulia. Na rekodi ile ina jina la mtoto huyu na majina ya ndugu zake. Hizo ni taarifa binafsi, zina sheria yake, na ruhusa huombwa kwa mwenyewe. Polisi wakikuuliza, utawajibu kwamba ulikuwa unatania?"

Laurian aliloa jasho. Alifuta wimbo mbele yao, kisha akaagizwa azunguke kwa kila aliyemgawia, amwombe aufute, na aeleze kwa nini. Wengi waliufuta kwa aibu.

"Siwezi kukuahidi kwamba umekwisha wote," Bi Eustakia alimwambia Irakoze. "Kitu kikisharushwa kwenye simu za watu, hakuna anayejua kimefika wapi. Ndiyo maana tunauliza kabla. Wanangu, kitu cha mtu kilichomo ndani ya simu ni mali yake na heshima yake, sawasawa na kilichomo ndani ya nyumba yake."

Nje, Happyness alimshika mkono. "Nisamehe, Irakoze. Nilikuuza."

"Nimekusikia," Irakoze alijibu, akautoa mkono wake taratibu. Hakurudi kwenye dawati lile, si wiki ile.

Jumapili shangazi aliweka simu juu ya kigoda. Kikohozi kilipokuja, Irakoze alisikia tena kichwani vicheko vya gulioni, akainama.

"Walikichukua kicheko chao, wakaondoka nacho," shangazi alisema. "Bibi hakuwauliza wao. Anakuuliza wewe."

"Irakoze, umekula?" ilisema sauti.

Irakoze alifuta macho kwa kiganja.

"Nimekula, Bibi," alisema. Ndizi zilikuwa bado mbichi chunguni.