Bushanga Nyekundu ya Mama Exaucée

Bandugu yangu, acheni kidogo ile kazi muko nafanya. Hii habari, muntu angenielezea mwaka jana, ningemwambia eko na bongo, ni muongo. Mwanaume wa hapa Katuba alitaka kuvunja ndoa ya miaka makumi mbili na sita juu ya kamba moja ya bushanga. Bushanga, ile ya kuvaa mu kiuno. Sikieni tu.

Clovis, ule bwana, njo anatoka kutelemuka mu kamion, vumbi ya barabara ya Kasenga ingali ku shati. Anaingia mu chumba, anasimama mbele ya kitanda. Haangalie bibi. Anaangalia musumari ya ukuta.

— Mama Exaucée, ile kintu iko pale tena?

Musonda, bibi yake, eko anakunja bilamba ya kuvaa. Hageuke.

— Iko, baba Exaucée.

— Nilienda, nyekundu. Nilirudia, nyekundu. Sasa inapita miezi ine. Damu gani inatoka miezi ine?

— Niache, Clovis. Nasikia joto.

Benye hamujue, nibaelezee. Kwabo na Musonda, kule Luapula, siku ya ndoa tantine, shangazi yake, anapatia bibi-harusi kamba mbili. Nyekundu inatundikwa ku musumari wakati wa damu ya mwezi: bwana, lala mbali. Nyeupe inatundikwa kisha: bwana, karibia. Hakuna kuongea, hakuna haya. Clovis, mutoto wa Kasai, kwanza alicheka, kisha akazoea. Alikuwa anasemaka ile nyeupe inamufurahisha kupita bière ya baridi.

Sasa nyeupe ilipotea. Na haikuwa ile tu. Musonda anaoga mara tatu kwa siku. Anafungua madirisha mu mwezi wa sita, wakati sisi wote tuko na tetemeka na baridi. Siku ingine mboga ya sombe iliungua, akalia kama muntu eko mu kilio. Clovis alikuwa anahesabu yote ile mu roho. Mwanamuke anaoga saa saba ya muchana, juu ya nani?

Ile siku, Musonda akaingia ku douche. Telefone yake pa meza ikalia. Clovis hakutaka kusoma. Bongo, alitaka.

"Kesho 10h, usikose. Bwana yako, kama ungali unaogopa kumwambia, tutaona namna. M.T."

M.T. nani? Mu kichwa ya Clovis, M.T. alishakuwa mwanaume murefu wa ndevu na motokari muzuri. Hakuuliza kintu. Akatosha bushanga nyekundu ku musumari, akaifunga mu mouchoir, leso yake, akatoka.

Na pale njo mubaya. Mu jamaa ya Musonda, mwanaume mwenye kukataa bibi hamufukuze na kinywa. Anarudisha bushanga ku tantine mwenye alimufundisha. Tantine akipokea, ndoa inakufa. Njo vile.

Tantine Kasonde anaishi Kasungami. Clovis alimukuta mu shamba yake ya mboga ya lenga-lenga, jembe mu mukono. Akamupatia mouchoir. Mama muzee akaona kile kiko ndani, akaweka mikono nyuma ya mugongo.

Akaanza kuuliza. Musonda eko na miaka ngapi? Makumi tano na moja. Anaogaka mara mingi? Anafunguaka dirisha? Analiaka juu ya bintu ya bure?

— Tantine, nani alikuambia?

Tantine akacheka mupaka akaikala chini. Kisha kicheko ikaisha.

— Mukwe wangu, mwenye makosa ni miye. Nilimufundisha nyekundu, nilimufundisha nyeupe. Siku damu inakatika kabisa, mwanamuke atundike nini? Sikumufundisha. Ata miye habakunifundisha.

— Kama damu ilikatika, juu ya nini anatundika nyekundu?

— Umuulize yeye. Lakini kwanza ujiulize weye, ulisema nini mbele yake.

Clovis akakumbuka. Ilikuwa siku ya mwaka mupya, Bonne année, banakula, Guelor ndugu yake eko anapiga mizaha: "Bibi akifunga duka, bwana anafungua ingine pembeni." Bote bakacheka. Clovis njo alicheka kupita bote, anapiga na meza. Wakati ile Musonda alikuwa analeta bukari, njo ugali. Aliweka sahani, akarudi ku jikoni.

Clovis akaita bibi ku telefone pale pale mu shamba.

— Mama Exaucée. Ile rendez-vous ya kesho, tutaenda pamoja.

— Rendez-vous gani?

— Ya M.T. Nilisoma message yako. Unisamehe.

Clovis akasikia mwanamuke analia polepole.

— Niliona musumari iko wazi, Clovis. Nilishafunga sakoshi ya bilamba, nirudi kwetu.

— Fungua sakoshi. Tantine alikataa kupokea. Na miye nakataa.

Kesho yake saa ine bakafika ku hospitali, centre de santé. M.T., bandugu. Docteur Marie-Thérèse. Mama mufupi wa lunettes ku macho, ndevu ata moja.

Docteur akabaelezea polepole. Mwanamuke akifika miaka ile, hormones mu mwili zinapunguka. Njo joto inapanda ku shingo na ku uso, njo usingizi inakimbia, njo machozi ya bure. Na kule chini munakauka, mapenzi inaleta maumivu. Haiko bulozi, haiko kiburi. Musonda akashika mukono ya kiti, akasema ile yenye alificha miezi yote:

— Nilikuwa naumia, baba Exaucée. Niliogopa: nikitosha nyekundu, ni lazima nitundike nyeupe, nitaumia tena. Na nikiacha musumari wazi, utajua nilishafunga duka.

Clovis akaangalia viatu.

— Miye njo nilicheka. Nilicheka kama mujinga.

Docteur akapima tension ya damu, akagusa maziwa ku kifua kama hakuna uvimbe. Akauliza kama damu ilishaganda siku moja mu muguu, kama mu jamaa kuko kansa ya maziwa. Juu haiko kila mwanamuke anaweza kupata dawa ya hormones. Musonda aliweza: ka-patch ka kubandika ku ngozi, vidonge ya kulinda tumbo ya uzazi, juu angali nayo, na pommade ya kule kwenye kunakauka. Arudi kisha miezi tatu. Na damu ikitoka tena, akimbie kuya, asingoje.

Clovis alikuwa anaandika yote mu telefone.

— Docteur, na miye nifanye nini?

— Weye? Usiharakishe. Na akifungua dirisha, weye vaa koti.

Dawa haikufanya kazi siku moja. Lakini polepole joto ikapunguka, usingizi ikarudi. Miezi tatu ikapita. Siku moja Musonda anatoka ku soko, anaingia mu chumba, anasimama. Ku musumari kuko kamba mupya. Ya vert, rangi ya majani. Imetungwa mubaya, na nyuzi ya kuvulia samaki ya Kasenga, na katikati kuko bushanga moja ya bleu juu vert zilipunguka. Clovis eko ku mulango, vidole zimejaa alama ya sindano.

— Mwanaume hatundikake, Clovis.

— Huyu anatundika.

— Na inasema nini?

— Inasema: leo hatusome musumari. Ikala hapa, tuongee.

Musonda akacheka, ile kicheko ya zamani. Akaenda kufungua dirisha. Bwana akatafuta koti, akarudi kuikala pembeni yake.

Tantine Kasonde alisikia. Sasa bibi-harusi bakienda kwake, anabapatia kamba tatu.

Haya, niambieni benyewe. Weye bwana, ungesoma ile message ya M.T., ungeenda ku tantine ao ungeuliza bibi kwanza? Na weye mama, miezi ine yote ile, ungetundika rangi gani?