Mkono wa Nyamizi na Sikio la Kushoto

Mzee Jilala hakuwa na saa, hakuwa na rula, na hakuona anachokosa. Umri wa ng'ombe aliusoma kwenye meno. Mvua aliisikia magotini. Na mtoto wa kwenda shule alimpima kwa sikio.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Mtoto anasimama wima. Anapitisha mkono wa kulia juu ya utosi. Vidole vikigusa sikio la kushoto, amekua, aende shule. Visipogusa, arudi kwa mbuzi.

Asubuhi hiyo, nyumbani kwake nje kidogo ya Tinde, mjukuu wake Nyamizi alisimama uani, mkono juu ya kichwa. Alijinyoosha. Alipinda shingo. Alitoa hata ulimi, kana kwamba ulimi ungesaidia.

"Usipinde shingo," alisema Mzee Jilala. "Mkono ndio unaokwenda kwa sikio, sio sikio kuja kwa mkono."

Vidole viliishia juu kidogo ya sikio. Ilibaki nafasi ya kidole kimoja tu.

"Bado," alisema mzee. "Mwakani."

"Hata mwaka jana ulisema mwakani, babu."

"Na mwaka jana nilisema kweli."

Martina, mama yake Nyamizi, alikuwa anakata viazi vitamu vya kuanika, vya michembe. Mumewe alikuwa Geita machimboni, kwa hiyo neno la mwisho hapo nyumbani lilikuwa la baba mkwe. Martina aliongea huku akiangalia viazi, kama mkwe mwenye adabu.

"Baba, uandikishaji wa darasa la kwanza unafungwa kesho. Mtoto ana miaka saba. Akikosa tena, atazoea mbuzi."

"Akienda kabla kichwa hakijaiva, ataumia bure. Mimi najua."

Ni kweli alijua. Zamani naye alipimwa hivyo hivyo, miaka mitatu mfululizo. Mkono haukufika. Ulipofika, baba yake alikuwa ameshamkabidhi ng'ombe arobaini. Shule ikaishia hapo. Tangu siku hizo alijihesabu kuwa mtu wa kichwa kizito, na hakumlaumu mtu.

Saa nne akaingia Mageni, mhudumu wa afya wa kijiji, na mzani wake begani. Alikuja kumpima Kalisti, mdogo wake Nyamizi, mtoto wa miezi mitano.

"Mwangaluka, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Mwangaluka. Chukua kigoda."

Kalisti akaning'inizwa kwenye mzani, akacheka. Kilo saba na nusu.

"Anakula nini huyu?" aliuliza Mageni.

"Ananyonya tu," alijibu Martina.

"Basi maziwa yako yanafanya kazi. Endelea hivyo mpaka atimize miezi sita, ndipo umwanzishie uji." Kisha akamwona Nyamizi, mkono bado juu ya kichwa. "Na huyu anajikuna nini?"

"Hajikuni," alisema Ngusa. "Anakua."

Ngusa alikuwa kitinda mimba wa Mzee Jilala. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa mrefu kiasi cha kuinama kwenye kila mlango.

Mzee akaeleza kipimo chake. Mageni hakucheka. Alimpakata Kalisti, akauinua mkono wake mdogo taratibu juu ya kichwa. Ngumi iliishia utosini.

"Tazama, babu. Mtu huzaliwa na kichwa kikubwa na mikono mifupi. Kichwa hutangulia, mikono na miguu hufuata nyuma."

Akaomba kamba. Akapima kichwa cha Kalisti kutoka kidevuni hadi utosini. Kisha akahesabu kamba hiyo inaingia mara ngapi katika urefu wa mwili wake wote. Mara nne na kidogo. Kwa Nyamizi, kwa kipimo cha kichwa chake mwenyewe, karibu mara sita. Kwa Ngusa, mara saba na ushee.

"Mkono kufika sikioni ni habari ya mfupa," alisema Mageni. "Na mifupa ya kila mtoto ina mwendo wake. Akili haisubiri mkono."

Ngusa akapitisha mkono wake. Ukapita sikio, ukafika shavuni.

"Huyo sasa," alisema mzee, "juzi alimfunga fahali kwenye baiskeli, akaenda kuoga."

"Baiskeli ilirudi?" aliuliza Mageni.

"Ilirudi. Kwa mafungu."

"Nilikwenda dakika tano tu," alinung'unika Ngusa.

"Usimcheke sana, babu. Mwili wa kijana hukimbia mbele. Sauti inakuwa nzito, miguu inarefuka. Lakini sehemu ya ubongo inayopima jambo kabla ya kulitenda huendelea kukomaa mpaka miaka ishirini na kitu. Anahitaji kuelekezwa."

"Kumbe nyumba imesimama, paa bado," alisema mzee. "Sasa Nyamizi nitamjuaje kama yuko tayari?"

"Umri wa mtamba wako unaujuaje?"

"Kwa meno."

"Sio kwa urefu wa mkia?"

"Nani anapima ng'ombe kwa mkia?" alisema mzee. Akamtazama mjukuu wake. "Nyamizi, hebu fungua kinywa."

Mbele kulikuwa na pengo moja, na jino jipya lenye kingo kama msumeno. Nyuma kulikuwa na gego jeupe. Mzee aliangalia kwa muda mrefu, kama yuko mnadani.

"Gego hilo huota karibu na miaka sita," alisema Mageni. "Lakini hata meno ni dalili tu. Wengine huwahi, wengine huchelewa. Umri wenyewe umeandikwa kwenye kadi ya kliniki: miaka saba na miezi miwili. Nyamizi, ruka kwa mguu mmoja."

Nyamizi akaruka hadi zizini na kurudi.

"Vifungo vya gauni unafunga mwenyewe?"

"Ndiyo. Na vya baba mdogo Ngusa."

"Jana mbuzi walirudi wangapi?"

"Kumi na nne. Asubuhi walitoka kumi na tano. Yule mweusi alibaki kwa jirani, nikamwambia babu, tukamfuata."

"Ni kweli," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Mimi nilisema wametimia."

"Anahesabu, anakumbuka, anaeleza habari kwa mpangilio," alisema Mageni. "Kichwa kilichoiva ndicho hicho, babu."

Mzee Jilala akapitisha mkono wake mwenyewe juu ya mvi. Akagusa sikio.

"Kwa hiyo mimi, ile miaka mitatu..."

"Kichwa chako kilikuwa sawa, babu. Mkono tu ndio ulichelewa."

Mzee akaushusha mkono taratibu.

Kisha akasimama. "Martina, mvalishe mtoto. Naenda naye mwenyewe."

"Uandikishaji ni mpaka kesho, baba."

"Mimi nimechelewa miaka sitini. Kesho ni mbali."

Ilipofika Juni, Nyamizi alikuwa anasoma kila kilichoandikwa: mfuko wa mbolea, pakiti ya sabuni, mgongo wa fulana ya Ngusa. Mkono wake ulishapita sikio zamani. Hakuna aliyekumbuka ni lini.

Jioni moja alikuwa anaandika kwenye daftari uani. Mzee Jilala akavuta kigoda karibu.

"Mwalimu, wazee unawapokea?"

Nyamizi akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Simama wima, babu. Pitisha mkono."

Mzee akasimama, akapitisha. Vidole vikagusa sikio.

"Umefika," alisema Nyamizi. "Kaa."

Mzee Jilala akaishika penseli kama fimbo ya kuchungia. Nyamizi akamrekebisha vidole, kimoja kimoja.