Mbegu Zilizofungwa Upya

Kompyuta ya Mwalimu Habiba ilikutwa imekufa mezani pake, nyumbani Chumbi, bila hata mkwaruzo.

Inspekta Elinipendo alijaribu kuiwasha mara tatu. Mfumo endeshi ulikuwa umefutwa wote, na kuufuta kulihitaji nywila. Mlango haukuvunjwa. Muda ulikuwa mfupi, maana saa nane mchana baraza la ardhi lingeamua mpaka wa shamba la Mwanaidi, mjane wa jirani, na ramani aliyoichora Habiba baada ya mafuriko ilikuwa humo. Bila ramani, mjane angetoka mikono mitupu.

Nakala ya akiba ipo, Habiba alimwambia, tena kamili, pamoja na mfumo wenyewe. Mama yake alimfundisha kwamba mbegu haiwekwi mahali pamoja, mto ukija usisombe zote. Diski aliifukia kwenye chungu cha mbegu za mpunga, kule dunguni, kibanda cha juu ya nguzo shambani.

Wakaenda mbiombio. Chungu kilikuwepo, diski haikuwemo.

Konstebo alidai ni wezi wa kompyuta kutoka mjini. Inspekta akacheka. Wezi gani hao, wanaacha kompyuta mezani? Habiba naye alishangaa: yeye hufunga kitambaa cha chungu kwa fundo moja, na hili lilikuwa mawili, yamekazwa panya asipenye. Hata punje moja haikumwagika.

Elinipendo, mtoto wa wakulima wa Same, alielewa mara moja. Mwizi wa kuja angemwaga mbegu akaenda zake. Habiba akamnong'oneza neno. Inspekta akamwambia alifiche mpaka mwizi apatikane.

Akamwita Badru, mdogo wake Habiba.

"Nywila ya kompyuta unaijua?"

"Naijua, afande. Dada hanifichi."

"Mbegu za dunguni anazipanda nani msimu huu?"

"Mimi."

"Ndiyo maana ukazifunga vizuri."

Badru aliinamisha kichwa.

"Shamba tunalolima ni la Mwanaidi," alisema. "Ramani inaonyesha. Baba hata arobaini yake haijafika, baraza limwite mwizi mbele za watu? Bora niitwe mimi. Diski nimeitupa mtoni."

Inspekta akamwashiria Habiba aseme sasa. Mbegu, alisema, hugawanywa mafungu matatu, na la tatu hulala kwa jirani. Mwanaidi akaitwa, akaja na diski ya pili ndani ya kanga, asijue kilichomo.

Habiba akaanza kuurejesha mfumo. Saa saba na nusu kompyuta ikawaka, na Inspekta akapiga makofi kama mtoto. Ramani ilikuwepo. Kando yake palikuwa na sauti iliyorekodiwa, ya marehemu baba yao.

"Shamba hili niliazima kwa mume wa Mwanaidi, mwaka wa njaa. Nikifa, wanangu mrudishieni mkewe."

"Mara ngapi nilikuita uje usikilize?" Habiba alimwuliza mdogo wake, machozi yakimtoka.

Badru alinyoosha mikono ifungwe pingu, kisha akaomba sauti ya baba irudiwe.