Kifungu cha Tatu

Kinusio, mashine ya kunusa magonjwa ya mimea, kilitembea kati ya migomba kwa miguu yake sita, kikasimama kwenye kila shina, kikanyoosha mdomo wake mrefu chini ya jani na kuvuta hewa. Sekunde nne tu. Kisha taa ndogo mgongoni ikawaka: kijani kama mgomba ni mzima, nyekundu kama una mnyauko, hata kama kwa macho ya binadamu bado umenawiri. Mgomba ulioingiwa na ugonjwa huo hutoa harufu hafifu siku ishirini kabla jani la kwanza halijageuka njano, na pua ya mtu haiwezi kuinasa. Kinusio kilikuwa na pua arobaini.

Shamba la majaribio lilikuwa na miche mia sita na kumi na mmoja, yote imeambukizwa kwa makusudi ili uonekane utakaohimili. Asubuhi hiyo taa iliwaka nyekundu mara mia sita na kumi na moja.

Dakta Kokusima alikirudisha kinusio mwanzo wa mstari, kikapita tena. Nyekundu. Akakirudisha mara ya tatu, kana kwamba mashine ingemwonea huruma. Mara ashike daftari, mara alitupe kwenye nyasi.

Miaka mitatu nyuma alikuwa na kazi nzuri kwenye shirika kubwa la mbegu, lile lenye maabara inayojiendesha na roboti zinazofua hata makoti ya wanasayansi. Aliwaomba wakubwa wake watafute mgomba wa asili unaohimili mnyauko. Wakamcheka. Mgomba huzaa machipukizi wenyewe, mkulima akampa jirani bure; sasa nani atanunua? Kokusima akaacha kazi, akarudi kwao Kamachumu, akapewa ghala la zamani la kahawa lililojaa popo, na akaandika ujumbe mmoja uliozunguka kwenye simu za watu: tuchange, tuwe na taasisi yetu, tujiulize maswali yetu wenyewe. Watu wakatuma walichoweza. Tena kila mchangiaji akaleta mche mmoja kutoka kwenye kibanja chake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, ambamo Mhaya hula, hulala, na mwisho huzikwa.

Katiba ya taasisi aliiandika mwenyewe. Kifungu cha tatu ndicho alichojivunia: *Kilichochangwa na mmoja, pamoja na asili yake, ni cha wote, wala hakirudishwi.* Alikiweka ili mwenye mche wenye bahati asije akaukimbiza kwa shirika la mbegu. Hakufikiria jambo lingine lolote.

"Waitu Daktari, nipe habari njema," alisema Mzee Rwekaza kwa heshima ya Kihaya akiingia shambani, kofia mkononi.

Rwekaza alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wachangiaji. Kwa miaka thelathini alikuwa mshereheshaji wa harusi, na alichangisha fedha za sayansi kwa njia pekee aliyoijua: kwa kadi za mchango. Kadi zilikuwa nzuri, zenye maua pembeni, na chini ziliandikwa tarehe ya Siku ya Ugunduzi. Kokusima alipoziona mara ya kwanza alishika kichwa. Utafiti hauna tarehe, alimwambia. Rwekaza akamjibu kwamba hakuna mtu duniani anayechangia shughuli isiyo na tarehe. Sasa zilikuwa zimebaki siku nne.

"Yote imeugua, Mzee."

"Yote?" Rwekaza akavaa kofia, akaivua tena. "Na keki nimeshaagiza!"

Jioni Ma Leokadia, mama yake Kokusima, alipiga simu; habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Koku, hata mche wangu?"

"Hata wako, Mama. Namba mia nne na mbili."

"Ajabu. Shina lake liko hapa, lina mkungu mzito mpaka tumeliwekea mti wa kuegemea. Mengine yote tuliyakata mwaka jana."

"Shina lipi hilo?"

"La Mujuni."

Mujuni alikuwa kitinda mimba wa nyumba hiyo. Homa ilimchukua akiwa na miaka tisa, na mama yake akapanda mgomba juu ya kaburi lake. Kokusima hakujua kwamba mchango wa mama ulitoka pale.

Kesho yake alikipeleka kinusio nyumbani. Kikanusa jani, taa ikawaka kijani. Kisha kikashusha ardhini uzi wake wa kuonja udongo, na ndipo Kokusima akaelewa kosa lao lote. Mgomba ule haukuwa na ajabu yoyote. Ajabu ilikuwa kwenye udongo: vijidudu fulani vilivyokula vijidudu vya mnyauko kabla havijagusa mzizi. Na kule kwenye taasisi, kwa usafi wa kitaalamu, kila mche ulioletwa ulisuguliwa mizizi kwa brashi na kuoshwa mara tatu kabla ya kupandwa. Walikuwa wameliosha jibu na kulimwaga mferejini.

Juu ya ardhi vijidudu hivyo vilikuwa haba mno. Kwenye kina cha mita moja vilikuwapo vichache. Kadiri uzi ulivyoshuka viliongezeka, mpaka ukagota kwenye mbao za jeneza. Ili kuvizalisha vya kutosha vibanja vyote ulihitajika udongo mwingi wa kina kile, udongo uliomlalia Mujuni.

Kokusima alifuta vipimo vile kwenye kumbukumbu za mashine. Hakuwahi kufuta kipimo maishani mwake.

Jumamosi ghala lilijaa. Wachangiaji walikuja wamevaa kama wanaopokea bibi harusi, keki ikakaa mezani, na Rwekaza akaita makofi matatu ya nguvu kwa ajili ya Daktari. Kokusima alisimama na hakuweza kuwatazama.

"Ndugu wachangiaji, nawaomba radhi," alisema. "Tumejaribu. Hatujapata kitu."

Mzee mmoja wa safu ya mbele akaanza kuikunja kadi yake polepole. Huyo alikuwa amebakiwa na migomba minne.

"Anadanganya," ilisema sauti kutoka nyuma.

Ma Leokadia alisogea mbele, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni. "Huyu ni mwanangu, namjua. Alikuja na lile dude lake likaona kijani, akageuka akalia. Koku, waeleze."

"Mama, tafadhali. Kaa chini."

"Sikai. Kifungu cha tatu kinasemaje?"

"Nilikiandika kwa ajili ya miche, Mama!"

"Umeandika 'pamoja na asili yake'. Mimi nimesoma. Au ulikiandika kwa ajili ya watoto wa wenzako, wetu asihusike?"

Rwekaza alivua kofia yake. Kokusima akaeleza yote, mpaka vipimo alivyovifuta, na alipomaliza Rwekaza akauliza nani anakubali kaburi lichimbwe; Ma Leokadia ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Mikono mingine ilichelewa kidogo, kisha ikapanda yote.

Walichimba Jumatatu. Padri alisali, kinusio kikaonyesha mwisho wa kuchimba, na jeneza halikufunguliwa. Walitoa udongo mapipa mawili, wakajaza shimo kwa udongo mwingine, na mgomba wenyewe ukafa wiki hiyohiyo kwa kukatwa mizizi. Vijidudu vikakuzwa ghalani, vikafungashwa kwenye makopo, na kila mchangiaji akapewa kopo lake bure. Mwaka haukuisha, vibanja vikaanza kubeba mikungu. Wageni wakaja kutoka mbali kuona taasisi ndogo isiyo na mfadhili ilivyofanya lililowashinda wakubwa.

Siku ya wageni hao Ma Leokadia alikuja pia. Alimvuta binti yake pembeni, karibu na rafu za makopo.

"Koku, wewe umesoma, nisaidie. Kila asubuhi nilikuwa nakaa pale na kahawa yangu, namsimulia Mujuni habari za nyumbani. Sasa pale nikikaa nasikia patupu. Juzi nilipita kwa Rwekaza nikaona migomba yake, nikaanza kumwita. Nikasimama kwa jirani yetu Adventina, nikamwita na huko. Wanasema hata Uganda amefika. Nikitaka kuzungumza na mwanangu, nisimame wapi?"

Kokusima alikuwa na jibu la kitaalamu: vijidudu si Mujuni, na Mujuni hajatoka alipozikwa. Alifungua mdomo alitoe, likamtia aibu. Mama yake aliendelea kumtazama, akisubiri kwa imani kabisa, na Mzee Rwekaza alikuwa tayari anamwita mbele aje awaeleze wageni namna taasisi ilivyoanza.