Boliti Moja ya Breki

"Nisamehe, fundi wangu. Nimekuvunjia pikipiki."

Upepo yuko kitandani hospitalini, bega limefungwa bandeji kama kifurushi cha posta, halafu ndiye anayeomba msamaha! Fundi akaangalia kucha zake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Wifi, mwambie aache kujilaumu," dada yake Upepo akadakia. "Hata usiku halali."

"Aache tu," Fundi akajibu.

Kwenye karakana ya timu yao ya mashindano, boliti ikishakazwa inachorwa mstari wa njano: imekwisha, usiiguse. Asubuhi ya mbio, Fundi aliichora boliti ya breki ya mbele kabla ya kuikaza, akanyoosha mkono achukue spana. Simu ikalia, ujumbe umeingia. Ni Upepo, aliyekuwa hatua ishirini tu pale anavaa glavu: "Nikishinda leo, wazee wangu wanakuja kwenu." Fundi akachekelea mpaka jino la mwisho. Alipoirudia breki ya mbele, akaona mstari wa njano, akauamini.

Kona ya tatu boliti ikachomoka. Upepo akarushwa kama gunia.

Jioni ile Fundi aliichunguza pikipiki peke yake. Tundu la boliti halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Boliti haikukatika. Haikukazwa kabisa. Akanyamaza siku ya kwanza kwa woga, ya pili kwa aibu, mpaka zikafika tisa.

Siku ya kumi, Upepo ametoka hospitalini, meneja akawaita wote wawili ofisini, karatasi iko mezani mbele ya Upepo.

"Tia saini hapo. Unakiri ulichelewa kushika breki, tunaachana kwa amani. Mashine haikuwa na kosa. Fundi wetu namwamini kama macho yangu."

"Sawa, bosi." Upepo akainua kalamu kwa mkono wa kushoto.

"Usitie!" Fundi akaropoka. "Breki sikuikaza. Ni mimi."

Meneja akavua miwani. "Umejua lini?"

"Siku ileile."

Upepo akamgeukia taratibu.

"Siku zote hizi unaninywesha supu, 'pole mpenzi, pole mpenzi', na unajua?"

"Niliogopa utaniacha."

"Boliti ningekusamehe palepale, hata meno yangu yangebaki barabarani. Lakini umeniacha nijitukane mwenyewe! Toka nje."

Akatoka, akaketi kwenye ngazi. Mafundi wenzake wakajitia kupanga spana zilizokwisha kupangwa. Baada ya nusu saa, miguu miwili ikasimama mbele yake.

"Nafasi yangu nimerudishiwa. Wewe hugusi mashine mpaka msimu uishe. Utaosha magurudumu."

"Ni haki yangu. Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimekasirika. Nitakasirika mpaka Ijumaa, pengine na Jumamosi."

"Jumapili je?"

"Usinichekeshe, bega linauma. Hebu nifunge kamba za viatu, mkono mmoja hauwezi."

Akapiga magoti mbele ya karakana nzima, akafunga. Chozi likadondoka, likafuatwa na jingine.

"Taratibu bwana, unanilowesha. Viatu vyenyewe nimeazima."

Fundi akakipangusa kiatu kwa mkono wa shati lake, asithubutu bado kuinua macho.